Mama Wawili wa Bhoke

Walimnyoa mdogo wangu asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mawe ya Butiama. Bhoke alitangulia, kisha yeye, kwenye kigoda kilichowekwa nyuma ya nyumba ya marehemu, na mimi nilikuwa nimesimama na wageni wengine nimeshika mkoba wangu wa mjini, nikamwonea wivu. Sina namna nyingine ya kulisema. Nina zaidi ya miaka hamsini, nina wajukuu wawili, nywele zangu zilikuwa zimesukwa kwa gharama kule Musoma kwa ajili ya msiba huo huo, na nilitamani wembe. Kwa watu wa huku, msiba ukiisha wanaonyolewa ni wenye marehemu: watoto, wajukuu, wakwe. Mgeni haguswi hata unywele. Mzee aliyeshika wembe aliita, "Nyabwire, binti yetu, njoo," naye akaenda bila kugeuka, akainamisha kichwa kama mtu anayeingia nyumbani kwake penye mlango mfupi. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Na wewe ni nani wa marehemu?" Nikamwambia mimi ni dada yake huyo anayenyolewa. "Dada wa tumbo moja?" Tumbo moja. "Kwa hiyo na wewe ni binti wa Mama Ghati." Nikasema hapana. Alinitazama kama mwalimu anayetazama hesabu iliyokosewa, ila akawa na adabu ya kutoisahihisha mbele ya watu.

Ili hesabu hiyo ikubali inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka ule mitumba ilipoanza kumwagwa chini waziwazi pale Nyasho, mjini Musoma, watu wakachagua mashati kwa miguu kabla ya kuinama kuyashika. Ya Murangi, kijijini kwetu ziwani, ya mama yetu na namna alivyotutoka, sitayaeleza. Inatosha kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka huo tuliletwa mimi na Nyabwire kwenye nyumba ya watoto, yatima pamoja na wale ambao kwao ni mbali na shule, iliyokuwa pembeni mwa Nyasho, mimi nikiwa naingia darasa la saba na yeye hajaanza hata la kwanza. Zilikuwa nyumba tatu za mawe zenye mabati, jiko la nje, na ua uliofagiliwa mpaka ukawa na mistari. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinane vya chuma, na Nyabwire hakukubali kulala kitandani kwake. Alikuja kwangu kila siku na miguu yake ya baridi. Asubuhi tulikunywa uji wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao ulikuwa na harufu ya gunia hata ukitiwa sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Jioni ugali wa huo huo unga na dagaa. Sabuni tuligawiwa mara moja kwa mwezi, kipande kinachoweza kufichwa kwenye kiganja kilichofumbwa, na kila msichana alikuwa na mahali pake pa kukificha.

Aliyetulea pale tulimwita Matroni. Alikuwa mama mrefu, mtu wa Bunda, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mkono mmoja. Alikuwa na msemo aliourudia mpaka wadogo wakawa wanauigiza kwa sauti yake: "Hapa ni pa kusomea. Hapa si kwenu. Kila mtoto ana kwao, na asiyekuwa nako tutamtafutia." Hakutaka tuwe watoto wa kituo. Alitaka tuwe watoto wa watu fulani, walioko mahali fulani, ambao siku moja wangetuozesha na kutuzika. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa ya wageni, na likizo hakuna aliyebaki. Kila mtoto alipaswa kwenda kwenye ukoo wake, na kama ukoo haukuonekana, Matroni alitafuta familia ya kumshika. Leo, mtu mzima, naona lilikuwa wazo jema kuliko mengi niliyoyaona baadaye katika majengo mazuri zaidi. Ila pale pale kwenye wema huo kulikuwa na mwiba, maana chai ya wageni ilihitaji mtu wa kuibeba, na Matroni aliona ni busara ibebwe na watoto wasiokuwa na wageni, wasikae bure wakilia. Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi mimi nilikuwa mbeba chai. Nilijifunza kutembea na sinia bila kumwaga, na nilijifunza nyuso za mama za watu wengine kuliko nilivyojifunza somo lolote.

Bhoke alilala kitanda cha tatu kutoka kwetu. Alikuwa darasa la tano, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa pua, na sikuwa na neno naye mpaka Jumapili ya mwezi wa pili. Siku hiyo nilikuwa karibu na geti nikisubiri vikombe, nikawaona wanawake wawili wanakuja, mmoja mzee mwenye fimbo na kitenge kilichopauka, mwingine kijana anayetembea hatua moja nyuma yake na kibuyu mgongoni. Mlinzi akawazuia. Utaratibu ulikuwa baba na mama tu, maana majani ya chai yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko.

"Nani ni mama wa Bhoke kati yenu?"

"Sisi," akasema yule mzee.

"Mama, nimeuliza mama wa mtoto."

"Na mimi nimekujibu. Huyu alimzaa. Mimi nilimuoa huyu, kwa ng'ombe yangu mwenyewe, si ya kuazima."

Mlinzi alikuwa mtu wa pwani huko, hakuwa na miezi mitatu Musoma. Alimtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mwanamume anayechelewa. "Sasa baba yake yuko wapi?"

"Baba unamtakia nini? Ndiye anakunywaga chai?" Wazazi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka. "Haya, kama lazima baba, baba ni mimi. Fungua, jua linatuchoma."

Akafungua. Huyo ndiye Mama Ghati. Sisi wa ziwani tulikuwa tukisikia tu habari za nyumba ntobhu, kwamba mwanamke mwenye mali na asiyekuwa na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume wa nje wakawa wa nyumba yake na jina lake. Lakini sikuwa nimewahi kuiona ikitembea kwa miguu na fimbo. Mama Ghati hakuwa amezaa; Ghati lilikuwa jina lake mwenyewe. Alikuwa na ng'ombe, aliwanunua na kuwauza mnadani Bunda akibishana na wanaume hadi wakakimbilia kivuli kingine, na kwa ng'ombe hao alimwoa msichana ambaye sasa aliitwa Mama Bhoke. Wasichana wa chumbani waliwapa majina siku ile ile: mama wa ng'ombe na mama wa tumbo. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Nilibeba vikombe viwili vya chai kwenda kwa mtoto mwenye mama wawili, mimi ambaye sikuwa na hata mmoja, na ndani kuna kitu kilikaa chini na hakikuinuka tena mwaka mzima.

Walikuwa wamekaa kwenye nyasi nyuma ya jiko. Mama Bhoke alifungua ugali wa mtama uliofungwa kwenye majani ya mgomba, Mama Ghati akatikisa kile kibuyu na kumimina maziwa mgando, mazito, yenye harufu ya moshi. Nyabwire alikuwa nyuma yangu ameshika sketi.

"Na hii panya ni ya nani?" Mama Ghati akauliza.

"Mdogo wangu, mama. Sisi ni wa Murangi."

"Ee, samaki hawa! Njoo, samaki, unywe kitu kilichotoka kwenye mnyama mwenye miguu."

Nyabwire akaniachia sketi. Nakumbuka kitambaa kilivyolegea pale alipokuwa ameshika, na joto la ngumi yake lilivyobaki. Alikunywa mpaka akawa na sharubu nyeupe, na hakugeuka kunitazama. Mama Ghati akamfuta mdomo kwa kidole gumba, akakilamba kidole. Kitendo kidogo hicho, cha mtu asiyetaka tone lipotee, kilinikaa kuliko mahubiri yote ya Jumapili zile. Nilirudi jikoni na sinia tupu, nikajiambia kwamba mtu mwenye mama wawili anaweza kutoa mmoja bila kupungukiwa, na kwamba huyo mmoja lazima atoke kwa Bhoke aje kwangu.

Basi nikaanza kumtafuta Mama Ghati kama mtu anavyotafuta kazi. Nilimpigia magoti kumsalimu. Nilimnawisha mikono kwanza kabla ya wazazi wengine. Nilimwuliza Bhoke vitu, mama wa ng'ombe anapenda nini, anachukia nini, naye alinijibu huku anacheka kwa pua, "Anapenda ng'ombe. Anachukia wavivu na wanaume wafupi." Jumapili ya mwezi wa nne walisahau kibuyu. Bhoke alitaka kukiacha tu pembeni ya mlango mpaka mwezi ujao, nikamwomba nikitunze mimi. Nikakiosha. Kwa mtoto aliyekulia ufukweni, chombo cha heshima ni kile kilichosuguliwa kwa mchanga mpaka kikalia. Nikakisugua kwa mchanga wa ziwani ndani na nje, kisha nikachukua kipande changu cha sabuni cha mwezi, chote, nikakikatakata, nikakitia ndani na maji ya moto, nikatikisa mpaka mikono ikauma. Mwezi ule nilioga kwa maji matupu na nguo zangu nilizifua kwa majivu. Kibuyu kilinukia kama duka la Mhindi. Mlinzi akawapelekea kwa dereva wa lori la pamba aliyekuwa anapita Butiama, na mimi nikahesabu kwamba kimeshafika, kwamba wamekinusa, na kwamba sasa wanajiuliza ni mtoto gani huyo mwenye mikono safi.

Jumapili ya wageni iliyofuata Mama Ghati aliingia getini akipaza sauti kabla hajasalimu. "Nani aliniosha kibuyu?"

Nikasema ni mimi, mama, na nikapiga goti nikingojea.

"Weye! Maziwa ya siku mbili nimemwagia mbwa, na mbwa mwenyewe amekataa, ametoa povu mdomoni, majirani wakadhani ana kichaa!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kibuyu hakionagi sabuni, mtoto. Kinachomwa kwa kaa la mti, kinafukizwa, kinasuguliwa, kinafukizwa tena. Ile moshi ndiyo utamu. Sasa imebidi nikivunje. Watoto wa ziwani hawa! Hata jua wangepata ngazi wangelisugua."

Watu wote kwenye nyasi walicheka, na Nyabwire aliyekuwa tayari ameketi katikati ya miguu ya mama wa ng'ombe alicheka kuliko wote, bila kujua anacheka nini. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mama Ghati alinitazama. Akanyoosha mkono akachukua mikono yangu, akaigeuza, akaangalia viganja. "Sabuni umeipata wapi wakati hakuna?" Nikamwambia ni ya kwangu ya mwezi. "Yote?" Yote. Akaniuliza umri wangu. Akaniuliza kama najua kulima, kama najua kukamua, kama naweza kusaga mtama. Nikaitikia yote, hata kukamua, ambako sikuwahi kukaribia. Akanishika bega, akalibonyeza. "Geuka," akasema, na mimi nikageuka, nimejaa furaha mpaka kooni, kwa sababu nilielewa kwamba napimwa ili nichukuliwe niwe mtoto. Nakumbuka pia kwamba Mama Bhoke, ambaye hakuwa mtu wa maneno na ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimemjali, alikuwa na tonge mdomoni na aliacha kutafuna.

Mwezi wa tano Matroni akatangaza kwamba likizo ya katikati ya mwaka mimi na Nyabwire hatuna pa kwenda, maana mjomba wetu wa Murangi hakuwa na nafasi ya kutulaza, na kwamba mama wa Butiama amejitokeza kutushika. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, kwa raha. Matroni alitununulia gauni moja moja la mtumba pale Nyasho, langu la njano lenye maandishi ya Kizungu kifuani ambayo hata yeye hakutaka kuyatafsiri. Nilizifunga nguo zetu kwenye kitambaa kimoja, za Nyabwire chini na zangu juu. Nilimwambia Bhoke, "Sasa nitakuwa dada yako mkubwa," naye akasema, "Sawa, lakini mimi ndiyo nilikuwa wa kwanza." Niliona ananionea wivu. Niliona ni haki yangu kuonewa walau mara moja.

Siku ya kuchukuliwa Mama Ghati alikuja peke yake. Alikaa ofisini na Matroni kwa muda mrefu, mlango umefungwa, na mimi nikasimama chini ya dirisha na mzigo wetu kichwani, kama nimeshaanza safari. Walikuwa wanaongea kwa chini. Mara moja nilisikia fimbo ikigonga sakafu. Kisha sauti ya Mama Ghati ikapanda, ya mtu aliyechoka kubishana: "Basi, nipe huyo mdogo." Matroni akatoka, hakuniangalia machoni.

"Nyanjura, fungua mzigo. Anakwenda Nyabwire."

"Na mimi?"

"Wewe una mtihani. Utabaki usome."

"Matroni, ninaweza kusomea huko."

"Huko utasoma nini? Nimesema fungua mzigo."

Nikaufungua pale pale chini, na kwa kuwa zangu zilikuwa juu, ilibidi nizitoe kwanza zangu zote mbele ya macho yao. Nyabwire alikuwa ameshashikwa mkono. Hakulia. Nilikuwa nimemwandaa vizuri mno, nilimsifia Butiama kila siku kabla hajasinzia, mpaka hofu yote ilikuwa imemtoka. Mama Ghati alipita mbele yangu, akanitupia jicho moja, refu, la majuto na hesabu. Mtazamo ule nilikuja kuuona tena miaka mingi baadaye mnadani Bunda, kwa mtu anayeondoka bila mnyama aliyemtaka. Siku ile niliusoma kwa elimu niliyokuwa nayo. Nilisoma kwamba nilikuwa mkubwa mno, mtoto aliyepitwa na wakati wa kupendwa, na kwamba wa kupendwa alikuwa mdogo wangu.

Likizo ile nilikula jikoni kwa Matroni. Alinipikia wali, kitu cha sikukuu, na sato mzima, akanichambulia miiba kama mimi ndiye sijaanza shule. Alinikalisha na hesabu za mafungu na za mwendokasi mpaka macho yakaniuma. Siku moja alinipeleka Murangi nikamsalimie mjomba na kulifagia kaburi la mama, akasimama mbali kidogo na miwani yake ya uzi, na mjomba alitupatia kichwa cha sangara kikubwa hata Matroni akakibeba kama mtoto. Wema wote huo nilimrudishia kwa kumnunia. Nilikuwa na hakika kwamba ameniuza, kwamba angesema neno moja tu kwa nguvu ningekuwa Butiama nakamua. Wivu unapokuwa mkubwa haubagui. Nilimwonea wivu Bhoke kwa mama wake wawili, nikamwonea Nyabwire kwa kupewa mmoja wao, nikawaonea hata wale ng'ombe ambao sikuwajua, walioitwa kwa majina kila jioni.

Nyabwire alirudi mwezi wa saba amenawiri, ngozi inang'aa kwa samli, na anatamka maneno kama wao. Tulikuwa kitandani tukingoja taa izimwe, akaanza kunisimulia.

"Kwetu kuna ndama ananijua."

"Kwetu wapi?"

"Kwetu Butiama. Mama wa ng'ombe ananilazaga mgongoni kwake. Mgongo wake una joto."

"Kwetu ni Murangi, Nyabwire."

Alifikiri, kwa uaminifu wote wa miaka yake michache. "Murangi ni kwetu na wewe. Butiama ni kwetu na mama." Kisha akauliza, si kwa ubaya, kama anayeuliza kama nimekula: "Wewe Matroni hajakutafutia kwenu?" Siku iliyofuata alilala kwenye kitanda chake mwenyewe, cha nne kutoka dirishani, na hakurudi tena kwangu. Nilipata nafasi ya kujinyoosha, na sikuitaka.

Nilisoma. Watu wanaponiuliza, hasa vijana ninaowafundisha, nilipata wapi bidii katika miaka ile ya kukosa daftari na mafuta ya taa, wanategemea nitaje mtu aliyenitia moyo. Nilisoma kwa wivu. Nilitaka Mama Ghati asikie. Nilitaka aje Jumapili moja aambiwe mbele ya watu kwamba yule aliyemwacha ndiye aliyekuwa wa maana. Na ikawa hivyo: matokeo yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, msichana pekee wa kituo mwaka ule, na Matroni akalitangaza kwenye nyasi, mbele ya wageni, sauti yake ikikatika. Mama Ghati alikuwa pale, Nyabwire amemlalia. Nikamkodolea macho nione kama atajuta.

"Amefaulu?" akasema. "Sawa. Basi atazaa vitabu."

Wakacheka tena. Ni Mama Bhoke peke yake ambaye hakucheka. Alinyanyuka, akaja nilipokuwa nimesimama na sinia langu, akaniwekea mayai mawili ya kuchemsha kwenye mfuko wa gauni, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda mbali kabisa." Nilidhani ananihurumia, na nilikula yale mayai kwa hasira, nyuma ya choo, nisimgawie mtu.

Nilikwenda mbali. Nyabwire akaendelea kukaa kituoni wakati wa masomo na kwenda Butiama kila likizo, akamaliza, akaolewa kutoka kwenye ua wa Mama Ghati, na ng'ombe wake wa mahari waliingia kwenye zizi lile. Tunapendana, mimi na yeye, kwa simu na kwa sikukuu. Matroni alikufa nikiwa chuoni, na nililia kama mtu mwenye deni asilojua ni la nini. Basi siku hiyo ya msiba, baada ya kunyoa, watu walipotawanyika kwenda kunawa, sikutaka kukaa hemani na wageni. Nilikwenda nyuma, kwenye majiko, nikamkuta Mama Bhoke anachagua mchele wa wafiwa kwenye ungo, amekonda, ni mzee sasa, lakini vidole vyake vina mwendo ule ule. Nikaketi tukachagua pamoja. Nikamwambia, nusu kwa utani, kwamba miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza marehemu aliona nini kwa Nyabwire ambacho hakukiona kwangu.

Aliacha kuchagua. "Kwani hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini, mama?"

"Yule mzee hakuwa na habari na Nyabwire. Alikuwa anakutaka wewe."

"Mimi? Niwe mtoto wake?"

"Mtoto!" Akacheka, na nikasikia kicheko cha Bhoke, cha puani. "Alitaka kukuoa. Mimi nilikuwa nimemzalia msichana mmoja basi, nikakauka. Alitaka mtoto wa kiume wa kukaa na boma. Alirudi kutoka Musoma siku ile ya kukushika mabega, akaniambia, nimeona msichana, ana nguvu, hana baba wa kusumbua. Alikuwa amekwisha kuwatenga ng'ombe. Ulikuwa uje likizo, usirudi."

Kwa mbali watu walikuwa wanaanza wimbo wa kanisani. Nikamwuliza nani alimwambia Matroni.

"Nani mwingine? Nilidanganya naenda kliniki, nikapanda lori la pamba mpaka Musoma katikati ya wiki, na kuku kwapani. Nikamwambia, yule mkubwa usimtoe, akifika kwetu anaolewa. Matroni alinishika akalia. Aliniita malaika." Alipuliza makapi kwenye ungo. "Mzee alipojua ni mimi, hakunisemesha msimu mzima wa pamba."

Nikamshika mkono. Nilitaka kusema yale yanayopaswa kusemwa, kwamba alinihurumia wakati hakuna aliyenijua, kwamba shule yangu yote, kazi yangu, watoto wangu, vimetoka mikononi mwake. Nilianza kuyasema. Alinikatiza.

"Huruma gani, mwanangu? Sikukuhurumia hata kidogo. Ulikuwa na mwili mzuri, una akili, umempa mzee sabuni yako yote. Ungekuja ukazaa wavulana, mimi ningebaki kuchota maji ya kukuogesha. Usiku nilikuwa nakuona wewe tu. Ni wivu, mama. Wivu mtupu. Ningeweza kukuloga ningekuloga, sema nauli ya lori ilikuwa nafuu."

Alicheka mpaka mchele ukamwagika kidogo, na mimi sikuweza kucheka bado. Nilikuwa nafikiria chumba kile cha vitanda vinane, na yule msichana aliyelala pale mwaka mzima akiwaonea watu wivu mmoja mmoja, kwa zamu, akiamini kwamba yeye hana chochote ambacho mtu mwingine angeweza kukitamani. Na kumbe upande wa pili wa barabara ya Bunda kulikuwa na mwanamke mwenye nyumba, mwenye mtoto, mwenye mashamba na ng'ombe, ambaye hakupata usingizi kwa sababu yake. Nilikivuta kigoda nikakisogeza karibu naye.

"Hebu nisimulie tena, mama," nikamwambia. "Anzia pale ulipokuwa huwezi kulala."